Kufika Saint Helena kwa ndege: mwongozo kamili wa safari ya Johannesburg hadi kisiwani

Ndege ya Saint Helena huondoka Johannesburg siku ya Jumamosi. Ukilishika hilo tangu mwanzo, nusu ya mipango umeshaimaliza, kwa sababu mambo mengine yote, yaani likizo ya kazini, ndege ya kutoka Dar au Nairobi, hoteli, hata siku ya kurudi kufungua duka, itabidi yapangwe kuizunguka Jumamosi hiyo. Anayeanza kwa kuuliza bei ya tiketi ameanzia katikati.

Saint Helena ni kisiwa cha volkeno katika Atlantiki ya Kusini, chini ya Uingereza. Kina ukubwa wa kilomita za mraba 122, kwa hiyo Pemba inakizidi mara saba na zaidi, na watu wake ni zaidi kidogo ya 4,000. Bara la Afrika liko karibu kilomita 1,900 upande wa mashariki. Mpaka Februari 2018 watu walifika kwa meli ya RMS St Helena, iliyochukua kama siku tano kutoka Cape Town. Leo unapanda Embraer E190 ya shirika la Airlink asubuhi, na alasiri umeshashuka kisiwani, hali ya hewa ikikubali. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonifanya niandike mwongozo mrefu hivi.

Hatua ya 1: Elewa kwa nini njia iko hivi ilivyo

Unaweza kuruka sehemu hii na kwenda moja kwa moja kwenye tiketi. Nakushauri usiiruke, maana msafiri anayejua hesabu ya mafuta hapandwi na hasira pale ndege inapoahirishwa.

Kutoka Johannesburg hadi Saint Helena ni kama kilomita 3,700. E190 ina uwezo wa kuruka umbali huo bila kutua popote. Tatizo ni kufika ukakuta uwanja umefunikwa na mawingu. Ndege inayokwenda Dar es Salaam ikikuta dhoruba, rubani ana Zanzibar dakika chache mbele yake, ana Kilimanjaro, ana Mombasa. Saint Helena haina jirani. Kisiwa cha Ascension kiko kilomita 1,300 hivi kaskazini-magharibi, na Walvis Bay, mji wa bandari wa Namibia, uko karibu kilomita 2,270. Ndege lazima ifike ikiwa na mafuta ya kuzunguka angani kusubiri, kujaribu kutua, na ikishindikana, kurudi hadi bara.

Ndiyo maana wakati wa kwenda ndege husimama Walvis Bay kujaza mafuta, na wakati wa kurudi hupitiliza moja kwa moja hadi Johannesburg. Ukielekea bara, viwanja vya akiba viko vingi, kwa hiyo hakuna haja ya kubeba akiba kubwa namna ile.

Mafuta yana uzito, na kila kilo ya mafuta inachukua nafasi ya kilo ya kitu kingine. Huduma ilipoanza, ndege yenye viti zaidi ya 90 iliuza viti 76 tu. Usishangae basi ukiona viti vitupu baada ya kuambiwa tiketi zimekwisha. Na kwa kuwa ni ndege ya injini mbili inayovuka bahari isiyo na pa kutua, shirika lilihitaji kibali maalumu kinachothibitisha kwamba injini moja ikizima, iliyobaki itaifikisha ndege salama kwenye uwanja.

Halafu kuna upepo. Uwanja uko upande wa mashariki wa kisiwa, kwenye uwanda wa Prosperous Bay, juu ya majabali yanayoanguka baharini kwa mita 300 hivi. Ili njia ya kurukia ipate urefu wa kutosha, wajenzi walilazimika kulijaza bonde zima liitwalo Dry Gut, kwa karibu mita za ujazo milioni 8 za mawe. Upepo wa kusini-mashariki huvuma huko karibu mwaka mzima. Kusi la kule halipokezani na kaskazi. Upepo huo ukigonga majabali na vilele vilivyo kaskazini ya uwanja, hujikunja na kubadilika ghafla nguvu na mwelekeo, hapo hapo ndege inapokaribia kugusa chini.

Jambo hili lilijulikana kwa gharama kubwa. Uwanja ulijengwa kwa fedha za serikali ya Uingereza, pauni milioni 285. Aprili 2016 ndege ya majaribio aina ya Boeing 737-800 ilikwenda kutua na kukumbana na upepo huo, na ufunguzi uliopangwa mwezi uliofuata ukaahirishwa. Magazeti ya Uingereza yakauita uwanja usio na maana kuliko wote duniani. Dawa ikapatikana kwenye ndege ndogo zaidi, zinazohitaji njia fupi na zenye uwezo wa kutua upande wa pili wa njia inapobidi. Embraer 190 ilijaribiwa mwishoni mwa 2016, na tarehe 14 Oktoba 2017 abiria wa kwanza wa safari za ratiba wakatua. Lile jina la kejeli, kwa maoni yangu, halikuwatendea haki wahandisi. Waliokosea ni waliotaka ndege kubwa mahali padogo.

Hatua ya 2: Chagua Jumamosi yako, kisha hesabu kurudi nyuma

Kwa kawaida kuna safari moja kwa wiki. Katika miezi ya kilele, takriban Desemba hadi Machi, huongezwa safari ya pili katikati ya wiki, na kuna misimu ambayo Cape Town nayo imepata ndege yake. Ratiba ya kila msimu iangalie kwenye tovuti ya Airlink, si kwa wakala anayekumbuka ya mwaka juzi.

Chukua kalenda. Weka alama Jumamosi ya kwenda na Jumamosi ya kurudi. Kisha panga hivi: Alhamisi unaondoka Dar, Nairobi au Entebbe, Ijumaa unabaki Johannesburg bila kazi yoyote, Jumamosi unaruka. Wiki inayofuata, Jumamosi, ndege inakurudisha Johannesburg jioni au usiku. Jumapili unaiacha wazi. Jumatatu unarudi nyumbani. Jumla siku kumi na mbili. Mwombe bosi siku kumi na tano na usimwambie kwa nini.

Hiyo Jumapili tupu wengi huiona hasara, wakanunua ndege ya Jumapili asubuhi. Ndege ya kisiwani ikichelewa siku moja, nao wanaikosa ndege ya nyumbani, na tiketi ya bei nafuu hairudishwi. Hoteli ya usiku mmoja wa ziada ni rahisi kuliko tiketi mpya.

Kuhusu msimu: Desemba ndipo miezi ya joto inapoanza, na ndiyo wakati wenyeji, ambao hujiita Saints, wanarudi kwa Krismasi kutoka Uingereza, Falkland na Ascension. Viti huisha mapema mno. Januari hadi Machi papa potwe huonekana karibu na kisiwa, kwa hiyo watalii nao wanajaa. Julai hadi Septemba ni baridi na mawingu ni mengi, na mawingu ya chini ndiyo adui wa ndege hii. Ningechagua Aprili au Novemba: watu si wengi, na hewa si mbaya.

Hatua ya 3: Nyaraka, na hapa pana mitego

Anza na Afrika Kusini, kwa kuwa ndiyo mlango. Mtanzania huingia bila viza hadi siku 90 kwa mwaka, na Mkenya vilevile tangu Januari 2023. Raia wa nchi nyingine za ukanda wetu waulize ubalozi kabla ya kulipia chochote. Kama unahitaji viza, omba ya kuingia zaidi ya mara moja. Ukitoka Johannesburg kwenda Saint Helena umetoka nje ya nchi. Ukirudi unaingia upya. Mwenye viza ya kuingia mara moja atakuwa na tatizo ambalo hakuna afisa wa uhamiaji atakayelitatua kwenye kaunta.

Beba kadi ya njano. Kenya, Uganda, Kongo na Burundi zimo katika orodha ya nchi zenye homa ya manjano, na Afrika Kusini huiulizia. Hata ukitoka Dar ibebe, maana mfanyakazi wa shirika la ndege ndiye anayeamua kama unapanda, na kubishana naye orodha ya mwaka gani ni halali hakukufikishi popote. Chanjo ichomwe angalau siku kumi kabla ya safari.

Sasa Saint Helena yenyewe. Ina uhamiaji wake, tofauti na Uingereza. Viza ya Uingereza haikupi ruhusa ya kuingia huko. Kuna pasipoti zinazohitaji viza na zisizohitaji, na maombi hufanywa kwa mtandao kupitia idara yao ya uhamiaji. Angalia pasipoti yako iko kundi gani miezi mitatu kabla. Ukifika utaombwa tiketi ya kurudi, uthibitisho wa mahali pa kulala, uthibitisho wa fedha za kujikimu, na ada ya kuingia, ambayo ni vizuri uwe nayo kwa pauni taslimu.

La nne ni bima, na hili nalitaja peke yake. Bila bima ya matibabu inayogharimia pia kusafirishwa kwa ndege ya wagonjwa, huingii. Si urasimu mtupu. Kisiwa kina hospitali moja, iliyoko Jamestown, mji mkuu, na wagonjwa mahututi hupelekwa Afrika Kusini. Ndege ya wagonjwa kwa umbali huo ni bei ya nyumba. Bima nyingi zinazouzwa Dar na Nairobi ni zile za kuombea viza ya Schengen, zimeandikwa nchi za Ulaya tu. Mwambie wakala unataka kuona maneno mawili kwenye karatasi: dunia nzima, na usafirishaji wa mgonjwa. Kama jina la Saint Helena linaweza kuandikwa kabisa, bora zaidi, kwa sababu afisa wa kisiwani atasoma karatasi hiyo neno kwa neno. Uliza pia kama bima inalipia kuchelewa kwa ndege kunakosababishwa na hali ya hewa, maana mashirika mengi ya ndege huliona hilo kuwa jambo lililo nje ya uwezo wao.

Hatua ya 4: Tiketi

Alama za viwanja utakazoziona kwenye tiketi ni JNB kwa Johannesburg, WVB kwa Walvis Bay na HLE kwa Saint Helena. Ukiandika Saint Helena bila alama, mitandao mingine ya tiketi hukuletea miji ya Marekani yenye jina linalofanana.

Tiketi moja ni bora kuliko mbili. Airlink inaruka pia Dar es Salaam kwenda Johannesburg, na ina makubaliano na mashirika makubwa ya Ghuba, kwa hiyo walioko Muscat, Doha au Dubai nao wanaweza kutafuta safari yote kwenye tiketi moja. Faida yake ni kwamba kipande kimoja kikivurugika, shirika linawajibika kukupanga upya kwenye vilivyobaki. Ukiwa na tiketi mbili za mashirika tofauti, kila moja linasema la mwenzake halilihusu.

Hata hivyo bei wakati mwingine inakulazimisha kutenganisha. Ukitenganisha, kuna mambo ya kukubali: Johannesburg utatoka uhamiaji, utachukua begi lako, na utalikabidhi upya siku ya pili. Ndiyo sababu ya zile siku mbili za kusubiri.

Bei ya kipande cha kisiwani itakushtua. Hakuna shirika lingine la kushindana nalo, ndege inaruka na viti vichache, na mafuta yanajazwa mara mbili. Punguzo la dakika za mwisho usilisubiri. Kwenye njia yenye safari moja kwa wiki, anayechelewa hakuti punguzo, anakuta hakuna kiti. Nunua miezi mitano au sita kabla, na lipa nyongeza ndogo ya tiketi inayobadilishika kama ipo.

E190 ina viti viwili kila upande, hakuna wa katikati. Chagua dirisha upande wa kulia wakati wa kwenda. Ndege ikikaribia kutokea kaskazini, kama ifanyavyo mara nyingi, kisiwa chote kitakuwa kuliani kwako na kushoto utaona bahari tupu.

Mizigo: soma uzito ulioandikwa kwenye tiketi yako, na usitegemee kununua kilo za ziada pale kaunta. Kwenye ndege inayopimiwa mafuta kwa uangalifu huu, kilo za ziada si suala la fedha tu. Dawa, chaja, nguo ya siku mbili na nyaraka ziwe kwenye begi la mkononi.

Na kuna kitu cha kuacha nyumbani: asali. Nyuki wa Saint Helena hawana magonjwa yaliyoenea duniani, na kisiwa kinawalinda kwa ukali. Asali, hata ile ya Tabora uliyotaka kumpelekea mwenyeji wako, itachukuliwa. Matunda, mbegu na mimea vivyo hivyo. Zawadi nzuri ni kahawa iliyokaangwa, majani ya chai au kanga, na ulizia hata kahawa, kwa kuwa wao wenyewe hulima yao na kuionea fahari.

Hatua ya 5: Usiku wa Johannesburg

Lala karibu na uwanja wa O.R. Tambo, si mjini. Ndege huondoka asubuhi, na foleni za barabara za Johannesburg hazijali kwamba ndege yako ni ya wiki nzima. Kama lazima ulale Sandton, tumia treni ya Gautrain, inayofika mpaka ndani ya uwanja.

Ijumaa fanya mambo matatu. Badilisha fedha upate pauni za Uingereza. Chapisha nyaraka zote kwenye karatasi, usitegemee simu. Nunua kwenye duka la dawa chochote unachotumia kila siku, cha kutosha wiki mbili zaidi ya safari, kwa kuwa maduka ya kisiwani hungoja meli ya mizigo na kuna wakati rafu ni tupu.

Jumamosi fika kaunta saa tatu kabla ya ndege kuondoka. Huko ndiko utakakoulizwa bima na tiketi ya kurudi, kabla ya kisiwa chenyewe kukuuliza.

Hatua ya 6: Angani, Walvis Bay, na kutua

Kipande cha kwanza kinavuka Botswana na Namibia. Walvis Bay iko pale jangwa la Namib linapokutana na bahari, na ukiwa na bahati ya anga safi utaona mchanga ukiishia kwenye mawimbi. Abiria wa Saint Helena hubaki ndani ya ndege wakati mafuta yanajazwa. Mikanda hufunguliwa wakati huo, simu hazitumiki. Kuwa na kitu cha kula.

Hapo ndipo rubani anapopata taarifa mpya za hewa kutoka kisiwani. Tangazo likichelewa, msikilize. Kusubiri Walvis Bay saa mbili ni afadhali kuliko kwenda na kurudi bila kutua.

Kipande cha pili kinapita juu ya maji matupu kwa karibu saa tatu. Kisha kisiwa kinatokea ghafla, ukuta mweusi wa mawe na wingu limekaa juu yake. Wakati wa kushuka ndege inaweza kuyumba sana, na rubani anaweza kuongeza injini na kupanda tena badala ya kutua. Wageni hushika viti na kuanza kusali. Kwenye uwanja huu kupanda tena na kujaribu mara ya pili ni sehemu ya kazi. Marubani wa njia hii wamefundishwa maalumu kwa ajili yake.

Hatua ya 7: Ndege isipotua, au isipoondoka

Yapo mambo matatu yanayoweza kutokea. La kwanza, ndege haitoki Johannesburg kabisa, na safari inasogezwa hadi Jumapili au baadaye. La pili, inafika Walvis Bay na kukwama huko. La tatu, ambalo si la kawaida, inafika juu ya kisiwa, inashindwa kutua, inarudi bara.

Katika la pili na la tatu unaweza kujikuta unalala Namibia bila kupanga. Mtanzania na Mkenya huingia Namibia bila viza. Wengine waulize hilo mapema, kabla hawajaombwa pasipoti usiku wa manane. Weka randi kidogo mfukoni, zinapokelewa Namibia kama fedha yao. Usiondoke kwenye kundi la abiria kwenda kujitafutia hoteli nzuri zaidi, kwa sababu hewa ikifunguka ndege haimsubiri mtu. Omba barua inayoeleza sababu ya kuchelewa, siku hiyo hiyo. Bima itaidai, na kuipata wiki mbili baadaye kwa barua pepe ni kazi ya mwezi.

Mpigie mwenyeji wako. Kisiwani kila mtu atakuwa ameshajua, lakini hoteli nyingi ni nyumba za watu, na chakula chako kimeshapikwa.

Kuna wanaouliza kama inawezekana kupitia Ascension badala yake. Airlink huenda huko mara moja kwa mwezi kutoka Saint Helena, kwa ajili ya wafanyakazi na wenyeji. Ascension ni kisiwa chenye kambi ya kijeshi, kinahitaji kibali chake, na ukikwama huko umekwama mbali zaidi. Kwa msafiri wa kawaida hiyo si njia ya akiba.

Hatua ya 8: Ukishashuka

Saa ya Saint Helena iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Saa nane mchana huko, kwetu ni saa kumi na moja jioni. Wajulishe nyumbani, maana namba yako ya kawaida huenda isishike. Namba za huko zinaanza na +290, na laini hununuliwa kwa kampuni ya Sure. Intaneti imekuwa afadhali tangu kebo ya baharini ya Equiano ianze kutumika kisiwani mwaka 2023, ila bado si ya kutazama mpira kutwa.

Fedha ni pauni ya Saint Helena, yenye thamani sawa na ya Uingereza, na ya Uingereza inapokelewa kila mahali. Usitegemee mashine ya kutolea fedha wala kadi yako. Beba taslimu za kutosha wiki nzima na za siku tatu za dharura.

Panga gari la kukupokea kabla hujaondoka nyumbani. Barabara ya kutoka uwanjani hadi Jamestown ni ya kona na mabonde, na teksi hazipangi foleni kama za Mwalimu Nyerere. Wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo ukikodi gari hutapata shida, ila jifunze desturi yao: anayepanda mlima hupishwa, na kila mnayepishana mnapungiana mkono.

Ya kuona ni mengi kuliko siku saba. Nyumba ya Longwood alimokaa Napoleon kuanzia 1815 mpaka alipofariki 1821. Ngazi 699 za Jacob's Ladder juu ya Jamestown. Kobe Jonathan, aliyeletwa kutoka Shelisheli mwaka 1882 akiwa tayari mkubwa, yuko kwenye bustani ya gavana.

Lakini msomaji wa Kiswahili ana sababu zake mwenyewe za kwenda huko, na vitabu vya watalii haviziweki mbele. Sayyid Khalid bin Barghash, aliyekikalia kiti cha Zanzibar siku mbili tatu za Agosti 1896 mpaka mizinga ya Waingereza ilipolipiga kasri kwa muda usiofika saa nzima, alikimbilia ubalozi wa Ujerumani na kuhamia Dar es Salaam. Waingereza walimkamata mwaka 1916, wakampeleka uhamishoni Shelisheli na Saint Helena, kabla ya kumruhusu kurudi Afrika Mashariki. Alifia Mombasa mwaka 1927. Dinuzulu, mfalme wa Wazulu, naye aliwekwa kisiwani kuanzia 1890 hadi 1897.

Na kuna bonde la Rupert. Kuanzia 1840 jeshi la majini la Uingereza lilikamata meli za watumwa Atlantiki na kuwashusha waliokuwemo hapo, zaidi ya watu 25,000 kwa miaka yote hiyo, wengi wao kutoka Angola na nchi za Kongo. Inakadiriwa 8,000 walizikwa bondeni. Mwaka 2008, barabara ya kuelekea ujenzi wa uwanja wa ndege ilipokuwa inaandaliwa, mabaki ya watu 325 yalifukuliwa. Yalikaa ghalani miaka mingi, jambo lililowaudhi wengi, hadi yalipozikwa tena mwaka 2022. Barabara ile ndiyo iliyopitisha mitambo na mafuta ya uwanja ulikotua. Nenda bonde la Rupert siku ya kwanza au ya pili, kabla ya Longwood.

Hatua ya 9: Kurudi

Ndege inayokuchukua ndiyo ile ile iliyofika mchana huo na abiria wapya. Kwa hiyo ikichelewa kuja, na wewe umechelewa kuondoka. Asubuhi ya Jumamosi usiangalie anga la Jamestown ukaamua mwenyewe kwamba safari ipo. Mji uko bondeni upande wa pili wa kisiwa na hewa yake haifanani na ya uwanjani. Piga simu, au msikilize mwenye nyumba, ambaye atakuwa amesikia redioni.

Badilisha pauni zote za Saint Helena ziwe za Uingereza siku ya Ijumaa, benki ikiwa wazi. Nje ya kisiwa hakuna duka la fedha Johannesburg wala Kariakoo litakalozipokea, hata noti mpya. Chumba chako usikiachie kabisa mpaka ndege iwe imetua. Wenyeji wanaelewa, ukiwaomba mapema watakuwekea bila malipo mpaka mchana.

Johannesburg utapita uhamiaji tena, kadi ya njano mkononi. Kama ulichukua tiketi mbili tofauti, ingia mtandaoni usiku huo huo uthibitishe ndege ya Jumatatu, kisha tuma madai ya bima kama kulikuwa na ucheleweshaji, barua ya shirika ikiwa imeambatanishwa.